Msasa Kabla ya Plasta

Mume wangu ni fundi baiskeli pale Sepuka, ana mvi mpaka ndani ya masikio, na meno yake ya mbele yaliondoka zamani bila kuaga. Kabla hujakimbia kunishtaki kwa mwalimu mkuu, ngoja nieleze: ni babu yangu, baba yake baba. Kwetu babu na mjukuu ni watani, kwa hiyo mimi ni mke mdogo, Bibi ni mke mkubwa, na tukikutana asubuhi uani Bibi huniuliza kama nimekuja kumsaidia kazi au kumnyang'anya mume. Namjibu akae naye tu kwanza, mimi nasubiri aote meno.

Utani huu sikuutaja ili ucheke tu, ingawa ukicheka sikukatazi. Bila huo, habari yenyewe isingeanza. Mama yangu ni mkwe wa Babu, na mkwe kwetu hasemi ovyo na baba mkwe. Hawakai mkeka mmoja, hawapeani kitu mkono kwa mkono, na Babu akipita Mama hutazama chini kana kwamba kadondosha shilingi. Kumwambia neno kali ndiyo usiseme kabisa. Mwenye ruhusa ya kumwambia Babu lolote na bakora isitembee ni mimi. Kwa hiyo Mama akiwa na neno, ananipa mimi, nami nalipeleka likiwa limetiwa chumvi. Mimi ndiye redio ya nyumba ile, na sihitaji betri.

Likizo ya Juni nilirudi kutoka shuleni mjini, kidato cha pili, nikakuta nimepata mdogo wangu wa kiume. Baba, ambaye yuko kwenye kazi za reli kule Itigi na huja nyumbani kwa nadra kama mvua yetu, alikuwa ametuma ujumbe kwamba mtoto apewe jina la Babu. Babu alifurahi mpaka akawazibia watu pancha bure siku nzima. Kila aliyepita alimwambia, "Wajina wangu amezaliwa, lete hiyo baiskeli." Hata waliokuja kwa miguu walijuta.

Shida ikawa kifua. Mtoto alizaliwa na kifua chembamba, akipata moshi kidogo tu kinaanza kupiga filimbi. Muuguzi wa zahanati alimwambia Mama bila kuzunguka: huyu moshi usimkaribie, uwe wa kuni, uwe wa sigara. Kuni zikahamia nyuma ya nyumba. Sigara je? Sigara ilikuwa Babu mwenyewe. Babu alikuwa akiingia mahali, unaingia moshi kwanza, kisha kikohozi, kisha lile koti lake la mitumba, na mwisho kabisa yeye. Tangu biashara iwe huria, sigara zilijaa kila genge, zinauzwa mojamoja kama karanga, na zikikosekana alikuwa na tumbaku yake ya kusokota kwenye gazeti. Alikuwa akisema hiyo ndiyo njia yake ya kusoma habari.

Na kwa ukoo wetu, mtoto akipewa jina la mtu aliye hai, mwenye jina ndiye humpakata siku ya kunyolewa nywele za kwanza. Asipompakata, watu husema jina limekataa. Siku ilishapangwa: Jumapili ya mwisho kabla sijarudi shule, shangazi zangu wakiwa wamemaliza kuvuna alizeti na Baba akiwa amepata ruhusa kazini.

Mama akaniita, mtoto mgongoni.

"Mwambie mume wako, mwanangu hanyolewi kwenye mapaja yenye moshi."

"Na kama hawezi kuacha?"

Mama alimpigapiga mtoto makalio, akatazama pembeni. "Atapakatwa na Bibi. Na jina tutatafuta lingine."

Neno hilo halikuhitaji chumvi yangu.

Nikaenda kibandani. Kibanda cha Babu ni mabati manne na paa la tano, ndani kuna matairi yananing'inia kama nyama ya buchani, na chini lipo beseni la maji la kutafutia tundu kwenye tyubu. Yeye alikuwa amekaa kwenye kigoda, sigara mdomoni, gurudumu katikati ya miguu.

"Shikamoo, mume wangu."

"Marahaba, mke wangu. Umeleta chakula au umbea?"

"Umbea. Mkweo anasema wajina wako hapandi juu ya bomba la moshi. Ukitaka kumpakata, acha sigara. Usipoacha, atapakatwa na mke mwenzangu, na jina lako litarudishwa dukani."

Nilitegemea anirushie spana, kama kawaida yetu. Hakurusha kitu. Aliitoa sigara mdomoni akaitazama kama anayetazama mtu aliyemwamini akamsaliti.

"Nimeshaacha mara nyingi," alisema. "Asubuhi naacha vizuri sana. Tatizo ni saa nne."

Wakati huo huo akaingia mtani wake. Huyu ni mnunuzi wa kuku kutoka Ulemo, upande wa Iramba, na yeye na Babu hawajawahi kusalimiana vizuri tangu wajuane. Huja na baiskeli yenye matenga mawili, kuku wakitoa vichwa kwenye fito kama abiria.

"Nimesikia mnalia humu ndani," alisema. "Nani kafa, nichukue sufuria?"

"Bado wewe," Babu akajibu.

Nikamweleza. Alicheka, akakohoa, akacheka tena. Halafu akasema kitu ambacho kwa mara ya kwanza maishani mwake kilikuwa na faida. Mjini, tangu serikali iruhusu watu binafsi kufungua zahanati, yuko mama mmoja wa Kichina anayechoma watu sindano masikioni na kuwabandika plasta mkononi, na watu wanaacha sigara. Dereva wa lori analosafirishia kuku alikwenda huko, na sasa ananunua maandazi kwa pesa aliyokuwa akiichoma.

"Sindano masikioni?" Babu akauliza. "Mimi navuta kwa masikio?"

"Wewe nenda. Wakikuchoma ukapasuka, utajiziba mwenyewe."

*

Tulikwenda na lori la alizeti, tumekaa juu ya magunia. Bibi alimfungia Babu jogoo, kwa sababu kwetu huendi kwa mganga mikono mitupu, awe wa mizizi au wa Peking. Babu alikuwa amevaa koti lake, ambalo halivuliwi jua wala mvua, na kofia ambayo aliishika mkononi tangu tulipoingia mjini, kana kwamba mji mzima ni ofisi.

Zahanati yenyewe ilikuwa nyumba ndogo ya rangi ya bluu nyuma ya soko la vitunguu. Daktari alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye koti jeupe na ndara. Alikaa Tabora miaka mingi kabla ya kuja kwetu, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha mwalimu wangu wa hesabu. Alipomwona Babu tu, akainama kidogo.

"Shikamoo, mzee."

Babu alinigeukia. "Mke wangu, umesikia? Mgeni, na ana adabu kuliko wewe."

Daktari alimtazama Babu, akanitazama mimi na sare yangu ya shule. "Huyu ni mke wako?"

"Mdogo," nikasema. "Mkubwa yuko nyumbani anapika."

Uso wa yule mama ulibadilika rangi mpaka nikamwonea huruma, nikamfafanulia. Alicheka akashika ukuta. Kumbe Tabora walikuwa hawajamfundisha yote.

Babu hakuwa na muda wa kucheka. Alikuwa na swali lake la miaka mingi. "Wewe unatoka kule zinakotengenezwa baiskeli?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi ukirudi waambie zile breki si breki. Ni salamu tu."

"Nitawaambia," alisema, na alisema kwa uzito kabisa, na nadhani hapo ndipo Babu alipoamua kumpa masikio yake.

Sindano zilikuwa nyembamba mno. Babu aliomba kuishika moja, akaipimapima kwenye mwanga. "Hii ni spoku ya baiskeli ya panya." Zilipoingia alifumba macho tu, akakaa wima. Mimi nilikuwa nahesabu vicheko tumboni. Mzee ameota miiba masikioni, anapumua kwa kunyemelea.

"Daktari," akanong'ona, "naruhusiwa kupumua?"

"Pumua, mzee."

"Upepo hautatokea hapo kwenye tundu?"

Babu alipokuwa ametulia, daktari akatueleza. Sindano, alisema, hutuliza ile hamu. Si uchawi, na si kila mtu zinamsaidia, hawezi kutudanganya. Ndiyo maana anaweka na plasta. Plasta ina nikotini, ile iliyomo kwenye tumbaku inayomfanya mtu airudie sigara. Inaingia mwilini polepole kupitia kwenye ngozi, bila moshi, kiasi cha kuuzuia mwili usipige kelele. Unabandika mpya kila asubuhi, mahali tofauti. Baada ya wiki kadhaa unakuja kuchukua ndogo, halafu ndogo zaidi, halafu huchukui tena.

"Kama kumwachisha mtoto ziwa," Babu akasema.

"Hivyo hivyo. Lakini ukiwa na plasta, usivute. Itakuwa nyingi mwilini, utaumwa."

Mwisho akambandikia masikioni punje ndogo nyeusi, moja moja chini ya kipande cha utepe. Ni mbegu za mmea fulani wa kwao. Kila hamu ikija, Babu abonyeze punje kwa kidole. Halafu akachukua plasta amwonyeshe namna ya kubandika, na hapo ndipo mume wangu alipoinua mkono kama askari wa barabarani.

"Mwanangu, umenifundisha mengi, nashukuru. Lakini kubandika usinifundishe. Mimi nabandika tangu wewe hujazaliwa."

Daktari akacheka, akampa boksi. Malipo walielewana wenyewe. Jogoo hakurudi nyumbani.

*

Siku za kwanza zilikuwa raha tupu, yaani raha yangu mimi. Babu alikuwa anatembea kijijini akibonyeza masikio kama mtu anayetafuta stesheni. Mtu akimsalimia, "Habari za leo?" anabonyeza. Mtu akiwasha sigara karibu, anabonyeza yote mawili, anafumba macho, na waliokuwa hawajui walidhani anasali. Saa nne, ile saa yake mbaya, alikuwa anabonyeza huku anazunguka kibanda, na mimi nyuma yake namtangazia mpira: "Anakwenda, anakwenda, anambonyeza wa kushoto, oooh!"

Na hakuvuta, naapa. Kikohozi chake cha asubuhi, kilichokuwa kinatuamsha kabla ya jogoo, kikaanza kuchelewa.

Halafu kuku akala dawa.

Unajua fundi anavyotafuta tundu dogo: anajaza tyubu upepo, anainama, anaisogeza karibu na sikio asikie linapovuja. Babu alikuwa ameinama hivyo, ametulia tuli, macho kafumba. Kuku mmoja wa Bibi, yule mwenye shingo isiyo na manyoya, akasogea kutoka nyuma. Aliinamisha kichwa upande huu. Akainamisha upande ule. Punje nyeusi, inang'aa, saizi ya uwele, iko mbele yake juu ya kitu kinachofanana na mwamba. Ungekuwa wewe?

Ko! Akadonoa. Babu aliruka na tyubu, akaangukia beseni, maji yakamwagika mpaka barabarani. "Amemeza! Amemeza dawa!" Tulimkimbiza yule kuku kijiji kizima, sijui tungemfanya nini tungemkamata, maana hakuna aliyefikiria mbele hivyo. Bibi alisimama mlangoni akasema kwa Kinyaturu maneno ambayo sitayaandika hapa kwa sababu nataka kumaliza shule. Mtani wa Ulemo alipopata habari alikuja na bei ya juu: alitaka yule kuku hasa, alisema atamuuza Dar es Salaam kama kuku pekee nchini aliyeacha sigara.

Tangu siku hiyo Babu alifanya kazi akiwa amefungwa kitambaa cha Bibi kichwani, kile chenye maua, kimefunika masikio yote mawili. Ukipita kwa mbali unaona bibi kizee anaziba pancha.

Kumbe wakati tunacheka huku juu, chini ya koti mambo yalikuwa yanaharibika.

Nilianza kwa kusikia. Kila asubuhi, kabla wateja hawajaja, kutoka kibandani ilitoka milio ileile: kwaru kwaru kwaru. Kisha fuuu, mtu anapuliza. Kisha kimya. Kisha ko, ko, ko, taratibu. Mimi nimekulia kwenye kibanda hicho, milio hiyo naijua kama wimbo wa taifa: fundi anaziba pancha. Nikajisemea, mzee kapata kazi ya alfajiri. Ila baiskeli sikuiona.

Kisha Babu akaanza kutokwa jasho wakati watu wote wamejikunyata na ule upepo wetu wa Juni. Mikono inamtetemeka. Akisimama, anashika ukuta. Nilipomuuliza, alisema dawa inafanya kazi, na dawa isiyosumbua si dawa. Asubuhi moja alishika pampu, akasukuma mara chache, akaiacha na kukaa chini vumbini. Mkono wa kushoto hakuweza kuuinua. Nikamvuta koti begani kabla hajaniwahi.

Jamani. Mkono toka begani mpaka kwenye kiwiko ulikuwa mwekundu, umevimba, umechubuka vipande vipande vya mraba, vimepangwa vizuri kwa mstari kama madirisha ya treni. Kwenye dirisha la mwisho ndipo ilipokaa plasta.

"Babu! Umefanya nini?" Nilisahau hata kwamba yeye ni mume wangu.

"Nimebandika," alisema, amekasirika. "Kama inavyobandikwa."

Ikabidi anieleze, na alieleza kwa subira ya fundi anayemfundisha mwanagenzi mjinga. Kiraka hakishiki mahali palipo laini. Kila mtu anajua hilo. Kwanza unakwaruza na msasa, unaondoa ule utelezi. Unapuliza vumbi. Gundi ya Kichina hajawahi kuiamini, kwa hiyo anaongeza solusheni yake kidogo, anasubiri ikauke. Anabandika. Halafu nyundo ndogo, taratibu, pembeni zote, ili upepo usiingie.

"Na hakijabanduka hata kimoja," alimalizia, na pamoja na maumivu yote nikaona anajivuna. "Hata kuoga nimeoga nacho."

Nilicheka. Nisamehe, nilicheka mpaka nikalala juu ya matairi. Halafu nikamtazama tena na kicheko kikaisha chenyewe, kwa sababu Babu alikuwa anaibandua ile plasta, pole pole, na uso wake si wa utani.

"Dawa imenikataa," alisema. "Wengine imewakubali, mimi imenikataa. Mwambie mama yako atafute hilo jina lingine."

Mtani wake alikuwa amekwishafika, ameegemea matenga yake. Akaona mkono, akaona sura. Kwa mara ya kwanza hakutukana. Alitoa sigara mfukoni, akampa, kama unavyompa maji mtu aliyefiwa. Babu aliipokea. Kwa mazoea akaichomeka juu ya sikio kwanza, kama mafundi wote wafanyavyo, atafute kiberiti. Lakini kitambaa cha maua kilikuwa kimefunika sikio. Sigara ikateleza, ikaanguka, ikatumbukia kwenye beseni.

Tulitazama sote watatu inavyovimba majini na kuvunjika.

Ndani ya nyumba mtoto akalia. Kilio kilikuwa kirefu, safi, kimenyooka, bila filimbi hata kidogo. Babu aligeuza kichwa akasikiliza kama anavyosikiliza tyubu.

"Havuji," alisema.

"Havuji, mume wangu," nikasema. "Simama. Lori linaondoka saa tano."

*

Daktari alipouona ule mkono hakucheka. Aliuosha, akaupaka dawa, akauliza pole pole. Babu akamweleza msasa. Akamweleza solusheni. Alipofika kwenye nyundo, yule mama alikaa chini sakafuni, koti jeupe na yote, akacheka huku anajifuta machozi na mkono wa koti, na wagonjwa waliokuwa kwenye benchi wakaanza kucheka bila kujua wanacheka nini.

"Mzee," alisema alipopata sauti, "ngozi si tyubu."

"Sasa naona."

"Ukikwaruza ngozi, dawa inaingia kwa haraka, inazidi. Ndiyo maana umetetemeka na kutoka jasho. Dawa haikukukataa. Ulifungua bomba lote."

Babu alikaa akifikiri. Hilo alilielewa vizuri kuliko maelezo yote ya mwanzo, kwa sababu lilikuwa na bomba ndani yake. Safari hii aliacha afundishwe. Mahali pakavu, safi, pasipo na nywele wala kidonda. Bandika, gandamiza kwa kiganja, basi. Kesho upande mwingine wa mwili. Ule mkono upumzike mpaka upone. Alirudia maneno hayo kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza. Akachomwa sindano zake, akabandikwa punje mpya, na mimi nikaapishwa rasmi kuwa askari wa msasa.

Niliufukia. Mpaka leo Babu anaamini uliibwa na mtani.

*

Jumapili ikafika. Baba alikuja na dumu la asali kutoka Itigi, shangazi wakaja na sauti zao, mtani akaja bila kualikwa, akasema amekuja kuhakikisha jina limekataa. Mkeka ukatandikwa uani, wembe mpya ukawekwa kwenye kisahani na maji kwenye bakuli. Babu alikuwa ameoga tangu alfajiri. Plasta ilikuwa chini ya koti, kwenye mkono wa kulia. Hakuwa amevuta tangu siku tuliyokwenda kwa daktari, na siku hiyo watu wote walijua, kwa sababu redio ilikuwa imetangaza.

Mama akatoka na mtoto kwenye khanga mpya. Ilibidi apite karibu na pale Babu aliposimama. Alipita, macho chini. Halafu nikaona pua yake imesimama. Unajua pua ya mama mwenye mtoto mchanga; mbwa wa polisi ni cha mtoto. Alisimama kidogo tu, akageuka, akarudi ndani na mtoto wake.

Shangazi mmoja akanong'ona, "Amevuta." Mwingine akasema, "Masikini, jina lake." Baba alimtazama Babu, Babu akatazama mkeka. Na hakuna hata mmoja angeweza kuuliza. Mama hawezi. Baba anaona aibu. Watu wote wazima wale, pamoja na heshima zao, walikwama kama mnyororo uliotoka kwenye meno.

Nikaenda nikasimama mbele yake. Nilisogea, nikamnusa waziwazi, kwa sauti, kama ng'ombe.

"Mume wangu, unanuka kama genge la sigara. Umevuta?"

"Sijavuta."

"Sasa harufu hii ni ya nani?"

Babu alijinusa kwapa. Akajinusa kola. Taratibu, uso wake ukafunguka. Akashika koti kwa vidole viwili. Miaka yote ya moshi ilikuwa imo humo ndani, imekaa, imeweka makazi, inalipa kodi. Mwenye koti ameacha, koti halijaambiwa.

Basi mzee akalivua.

Hujui hilo lilikuwa jambo gani. Mimi nina umri huu wote na sikuwahi kumwona Babu bila koti, nilidhani limemwota mwilini. Akalivua mbele ya kadamnasi, akabaki na singlendi yenye matundu, mikono myembamba nje, mmoja una plasta, mwingine una makovu ya madirisha ya treni, masikio yana punje. Akalibeba koti mpaka kibandani, akalitumbukiza kwenye beseni la pancha, akalikandamiza chini kwa mikono miwili. Mapovu yakapanda, bulu bulu bulu, na maji yakawa rangi ya chai ya rangi.

"Mnaona?" akapaza sauti. "Linalovuja ni hili! Mimi nimezibwa!"

Mtani alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Lakini Mama alikuwa amechungulia mlangoni kwa zile kelele, akamwona baba mkwe wake na singlendi. Akapiga ukelele, akafunika uso kwa khanga, akageukia ukuta. Baba mkwe bila shati mbele ya mkwe! Babu naye akashtuka akajificha nyuma ya tairi. Ilikuwa ni Bibi aliyeokoa siku. Alifungua khanga yake ya juu, ile ya kutokea, akamzungushia Babu mabegani mpaka shingoni, akamfunga fundo kama mwari.

"Kaa chini, mume wetu," alisema. "Mke mwenzangu, kamlete mtoto."

Nikamchukua mtoto kutoka kwa Mama, ambaye bado alikuwa ameutazama ukuta, nikampeleka kwa Babu, kwa sababu hawapeani mkono kwa mkono. Nilimweka mapajani pake. Babu hakujua aweke wapi vidole vyake vikubwa vyenye grisi ya miaka. Mwishowe akamshika kama anavyoshika gurudumu jipya, kwa pembeni, asije akalipindisha. Mtoto alimtazama, yule mzee wa khanga na punje. Sote tulisubiri filimbi. Hatukuisikia.

Shangazi akanyoa. Nywele zikaanguka kwenye khanga ya Bibi. Babu alikuwa amemwinamia mtoto, anaongea naye kwa Kinyaturu, chini chini, anamwita kwa jina lao, tena na tena, na mimi nilijifanya naangalia matenga ya kuku.

Ilipokwisha nikamrudisha mtoto kwa Mama. Alimnusa utosi, ambao sasa ulikuwa unang'aa kama balbu. Akanusa mara ya pili. Halafu akaniambia mimi, ila kwa sauti ya kumfikia mtu aliye mbali kidogo:

"Mwambie mume wako mtoto ananuka solusheni."

"Ni vibaya?" nikauliza.

"Hapana," alisema Mama. "Solusheni si neno."

Babu alisikia. Alinyoosha mkono tu kubonyeza sikio kwa mazoea, akakuta hakuna kitu. Punje ilikuwa imebanduliwa. Mtoto alikuwa ameichomoa kwa vile vidole vyake vidogo, ikaanguka kwenye mkeka katikati ya nywele. Na kabla yeyote hajainama, kutoka nyuma ya miguu ya shangazi, ikachomoza shingo isiyo na manyoya.